Kamio za ponti tatu mu njia ya Manono: chuma kinatengenezwa, mutu je?

Kutoka Lubumbashi mpaka Manono ni zaidi ya kilometa 600. Wakati wa mvula gari ndogo zinabaki njiani, na zenye zinapita ni zile kamio za zamani zenye ponti zote tatu zinavuta. Sisi wa sindikati ya wafanyakazi wa migodi tumezipanda miaka mingi kwa kufikia wenzetu wa kaskazini. Leo tunataka kueleza namna zinafanya kazi, namna zinatengenezwa mu pori, na mambo ya vijana wenye wanazihudumia bila hata karatasi moja.

KAMIO GANI HIZI?

Kwanza tuelewane. Kamio ya kawaida yenye ponti tatu inavuta na ponti mbili za nyuma tu. Ponti ya mbele ni ya kugeuza usukani. Kamio yenye tunasemea hapa inavuta na zote, ya mbele pia. Mashofere wa kwetu wanasema “six-six”. Ukiona chini ya kamio kardani moja inaenda mbele na nyingine zinaenda nyuma, na mu katikati kuna bwati kubwa ya chuma yenye inazigawanyia nguvu, ujue ni yenyewe.

Gari hizi zilizaliwa mu jeshi. Wakati wa vita ya pili ya dunia Waamerika walitengeneza kamio ya GMC ya namna hii zaidi ya 500.000, kwa kubebea askari, mafuta na risasi mu njia zenye mabomu yalikuwa yameharibu. Nyuma ya vita, nyingi ziliuzwa kwa watu wa kawaida mu inchi mingi. Wadachi nao walitengeneza za kwao: Magirus-Deutz ya mji wa Ulm, yenye moteri ya V8 inayopozwa na upepo, na Mercedes za ponti tatu zenye tunaona mpaka leo.

Kwa Mercedes za wakati ule, namba ya mulango inasema kila kitu. 2626 maana yake tani 26 pamoja na muzigo, na nguvu ya farasi karibu 260. 1924 ni tani 19 na farasi 240. Ile njo sababu fundi wa zamani haulizi mwenye gari, anasoma mulango na anajua pyesi gani itaingia. Kwa Magirus mambo ni magumu zaidi. Kompanyi ile iliingia mu Iveco mwaka 1975, na jina likazimika polepole. Leo ukitafuta pyesi yake, unaitoa mu kamio nyingine yenye ilikufa. Nyuma ya kila Magirus yenye inatembea, kuna mbili zenye zimelala mu majani zikiilisha.

Kwa nini watu wanazishikilia? Juu hakuna kompyuta ndani. Moteri ya mazuti ya zamani ikishawaka haiombi umeme tena kwa kutembea. Haina kaptere yenye itakataa gari kuwaka kwa sababu ya waya moja yenye imelowana. Kila ugonjwa wake unasikika na sikio, unaonekana na macho ao unashikwa na mukono. Kwa mutu mwenye iko kilometa 200 mbali na garaje, ile ni zaidi ya uzuri.

NJIA YENYEWE

Mpaka Likasi, karibu kilometa 120, uko ku gudroni na shofere anaweza kuongea siasa. Nyuma ya pale unaacha njia ya Kolwezi na unaingia ku bulongo mwekundu. Unapita upande wa Bunkeya, kwenye mwami M'siri alijenga mji wake mu karne ya 19, unakuta Lufira na maporomoko ya Kyubo, halafu milima inaanza mpaka Mitwaba. Toka Mitwaba unaendelea kaskazini, unatoka Haut-Katanga, unaingia jimbo la Tanganyika, mpaka Manono.

Wazee wetu wanajua Manono kwa bati. Géomines ya Wabelji ilijenga mji muzima pale, na umeme wake ulitoka Piana Mwanga, ku mto Luvua. Nyuma yake ikakuja Zaïre-Étain. Leo jina la Manono linasikika mu dunia yote juu ya litiyumu. Lakini mutu mwenye anasoma habari ya litiyumu mu gazeti la Ulaya hajui kama mufuko wa simenti kwa kufika pale unaweza kulala njiani siku 12. Njia hii pia ilikuwa mu sehemu yenye watu waliita pembetatu ya kifo, kati ya Mitwaba, Manono na Pweto, wakati wa vita vya Mai-Mai. Watu walikimbia, vijiji vilibaki bure, na njia yenye hakuna mutu wa kuitunza inarudi kuwa pori.

Mvula inaanza upande wa mwezi wa 11, inaendelea mpaka mwezi wa 3 ao wa 4. Mu ile miezi kamio inapanda na chumvi, sukari, simenti, vitambaa, mapipa ya mafuta. Inashuka na kasiterite, mihogo, mahindi, samaki wakavu. Na watu juu ya muzigo, kila mara. Sisi wenyewe tumekaa juu ya mifuko ya kasiterite. Kasiterite ni nzito kuliko inavyoonekana: mufuko mudogo wa kilo 50 unaweza kuushika na mikono miwili kama mutoto. Ile njo inadanganya watu. Karoseri inaonekana nusu bure, na kumbe kamio imeshajaa.

NAMNA NGUVU INAFIKA CHINI

Kuna kitu kimoja chenye kila mutu anayepanda kamio hizi apaswa kujua. Ndani ya kila ponti kuna diferansieli. Kazi yake ni kuacha gurudumu la inje likimbie zaidi wakati kamio inakata kona. Ni kitu kizuri ku gudroni. Mu potopoto kinakuwa adui: gurudumu moja likianza kuteleza, linazunguka bure, na lile lenye liko ku bulongo mukavu linasimama tu. Unakuta kamio ya farasi 260 imeshindwa na shimo la metre moja.

Ndiyo maana kamio hizi ziko na blokaji. Shofere anavuta kifungo, magurudumu mawili ya ponti yanafungana, yanazunguka pamoja kama yamekuwa chuma kimoja. Tena kuna vitesi ya kupunguza mu bwati ya transferi: kamio inaenda polepole kuliko mutu wa miguu, lakini inavuta mara nyingi zaidi. Shofere mwenye akili anafunga blokaji mbele ya kuingia mu shimo. Ukingoja mpaka umezama, umechelewa.

Na akitoka ku bulongo mugumu, anafungua mara moja. Hapa njo vijana wengi wanaua gari. Blokaji ikibaki imefungwa ku njia kavu, mipira haiwezi kuteleza, ponti nazo zinataka kutembea mwendo mbalimbali, na nguvu inakosa njia ya kutokea. Inatokea kwenye kiko dhaifu: muti wa chuma wenye unaingia mu gurudumu unajikunja mpaka unakatika. Utasikia mulio kama risasi.

GARAJE BILA PAA

Sasa tuingie mu kazi yenyewe. Mu njia ya Manono hakuna safari bila kutengeneza. Tumehesabu safari yenye kamio ilisimama mara tisa kwa kufika Mitwaba. Haya njo magonjwa yenye tumeona sana, na dawa yake.

Resori. Resori ya kamio ni mabamba mengi ya chuma yamelala moja juu ya lingine. Bamba la kwanza, lile kubwa lenye linashika karoseri, likikatika, ponti inaanza kuhama. Kamio inatembea upande kama kaa. Fundi anainua na kriki mbili, anaingiza kipande cha muti wa mubanga mahali pa bamba, anafunga na mikanda yenye imekatwa mu mupira wa ndani, mara 30, mara 40, akivuta na uzito wake wote. Mubanga ni muti mugumu sana, mafundi wa kwetu wanaujua toka zamani. Dawa hii inaweza kukufikisha kwenye kijiji chenye iko na mufua chuma. Pale, na makala na mivukuto, bamba jipya linakunjwa kutoka bamba la gari lingine. Lakini angalia: chuma cha resori ukikipoza mu mayi kinakuwa sawa na chupa, kitapasuka ku shimo la kwanza. Kinapozwa mu mafuta ya moteri ya zamani, halafu kinarudishwa ku moto mudogo ili kilegee kidogo. Wafua chuma wa kwetu wanajua hii bila kusoma shule ya ufundi.

Mupira. Mupira wa ndani ukitoboka, na gundi ya dukani imekauka, dawa ni pistoni ya zamani. Wanasugua mahali penye tundu, wanaweka kipande cha mupira mubichi, wanalaza pale kichwa cha pistoni, wanakibana na presi. Shimo la pistoni linabaki linaangalia juu. Wanamwanga mule esansi kidogo, wanawasha. Moto ukizima na chuma kikapoa, mupira umepikwa, umekuwa kitu kimoja. Upepo wa kujaza unatoka mu kompresa ya freni za kamio yenyewe.

Hatari haiko mu moto ule. Hatari iko mu janti. Janti za zamani ziko na pete ya chuma yenye inashika mupira. Pete ikikaa vibaya, na upepo unaingia, inaruka na nguvu ya kuua mutu. Tunasema bila kuficha: kila mwenye anajaza mupira wa namna hii apitishe kwanza mununyororo ku janti, tena asimame kando, asikae mbele ya pete. Mununyororo bei yake si kitu.

Mazuti. Mazuti ya njiani inakuja mu mapipa, na mu mapipa kuna mayi, kutu na muchanga. Shofere muzuri anaacha pipa lisimame usiku muzima, halafu anavuta ya juu tu, anaipitisha mu kitambaa kizito. Ya chini anaiacha. Kama upepo umeingia mu mupira wa mazuti, ao kama tanki ilikauka, moteri haitawaka hata ukisukuma na kijiji kizima. Unalegeza vida ya filitri, unapiga pompi ya mukono mpaka povu linaisha na mazuti inatoka safi, unafunga. Kama bado, unalegeza mabomba ya enjektere moja moja wakati mwenzako anazungusha moteri. Kazi ya nusu saa, kama una ufunguo. Bila ufunguo, kazi ya siku mbili.

Joto. Magirus haina radiatere. Hakuna mayi ya kuvuja, hakuna mayi ya kutafuta mu kiangazi, na ile njo watu walimupendea. Lakini upepo wake unasukumwa na vantilatere, na kama vantilatere inasimama, moteri inapikwa haraka kuliko ya mayi. Majani na vumbi vikichanganyika na mafuta vinaziba nafasi kati ya mabawa ya silinda. Boyi-shofere anazipangusa kila jioni na kijiti. Mutu akipita anafikiri kijana anacheza.

Kardani. Kruwazio ikivunjika, dawa ni kutoa kardani ile muzima, kuiweka juu ya muzigo, na kuendelea na ponti zenye zinabaki. Hapa njo uzuri wa ponti tatu unaonekana. Gari ya ponti moja ya kuvuta ikipoteza kardani, imekwisha. Six-six inapoteza ya mbele, inafunga blokaji, inaendelea na za nyuma. Inapoteza ya nyuma, inaendelea na ya mbele polepole. Tumeona kamio moja ikiingia Likasi na kardani mbili juu ya muzigo, na shofere anapiga honi kama bwana arusi.

Kila kitu kiko na bei. Kamio hii ikiwa na muzigo mu potopoto inakunywa lita 50 ao zaidi kwa kilometa 100. Wenye kuuza bidhaa wanaingiza ile mu bei ya chumvi. Mama wa Manono njo analipa mwisho.

KWA WENGINE, NI SAFARI YA KUFURAHI

Mu Australia, inchi ya pori kubwa kavu, kuna watu wananunua kamio kama hizi kutoka jeshi lao, wanajengea chumba cha kulala nyuma, wanaingia jangwani wiki nyingi kwa raha yao. Wanabeba mayi, pyesi, redio, na kila jioni wanaingia chini ya gari kama sisi. Si zamani sana kule pia ilikuwa kazi. Toka mwaka 1936, Tom Kruse alipeleka barua na chakula kwa mashamba ya mifugo mu njia ya Birdsville, karibu kilometa 500 za muchanga toka Marree, na kamio ya Leyland. Alibeba mabamba ya chuma ya kuweka chini ya mipira ku vilima vya muchanga, na pyesi zenye zilivunjika alizitengeneza mwenyewe njiani. Filimu ilitengenezwa juu yake mwaka 1954. Kamio yake ilibaki jangwani, watu wakaenda kuitafuta, wakaitengeneza upya kama kumbukumbu ya inchi.

Tunasema hii si kwa wivu. Inatuonyesha kama kazi hii iko na heshima. Kule mwenye alifanya kazi ile anajulikana mu inchi muzima. Kwetu, mwenye anaifanya hata jina lake haliko mu daftari ya patro.

KIJANA WA KABARI

Sasa tuko ku jambo lenye lilitufanya tushike kalamu.

Kamio hizi zinafunga freni na upepo. Kompresa inajaza tanki, shofere akikanyaga, upepo unaenda ku magurudumu. Gari za leo ziko na resori ndani ya freni: upepo ukiisha, freni inajifunga yenyewe. Za zamani nyingi haziko na ile. Upepo ukiisha, freni imeisha. Na bomba la gurudumu moja likivuja, njiani watu wanalikunja, wanalifunga na waya, ili upepo ubaki kwa mengine. Kamio inaendelea, lakini freni ziko tano. Kesho ziko inne. Patro akiona gari imefika, anasema fundi ni hodari, na bomba linabaki limefungwa mpaka safari ingine.

Basi ku mulima, freni ya kweli ni mutoto wa watu. Boyi-shofere anasimama nyuma, ku ngazi, na kabari ya muti mukononi. Moteri ikizima katikati ya mulima, anaruka chini na anaitupa nyuma ya gurudumu mbele gari haijaanza kurudi. Ana sekunde mbili ao tatu. Nyuma ya gurudumu lile kuna tani 20.

Wakati moja wa mvula tulikuwa juu ya kamio moja, mu milima mbele ya kufika Mitwaba. Mazuti chafu ilikata moteri. Upepo ulikuwa umeshuka. Kijana aliruka kama kila siku, kabari ikateleza mu potopoto, gari ikarudi nusu metre, ikamushika muguu wa kushoto. Nusu metre tu. Wenzake walichimba chini ya gurudumu na mikono. Tulimufunga na mbao mbili na kipande cha kikwembe cha mama moja mwenye alikuwa anapeleka samaki, na tulimubeba siku mbili mpaka kwa munganga mwenye angeweza kumupasua. Muguu haukupona muzima.

Tulirudi Lubumbashi, tukaenda kuona mwenye kamio. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akasema: “Baba, mimi sina mufanyakazi wa jina ile. Ile ni mutoto wa shofere.” Shofere naye, muzee mwenye roho nzuri, akainamisha kichwa. Kijana alikuwa amefanya safari na kamio ile miaka mitatu. Alikuwa anapewa chakula njiani, na kitu kidogo ku mwisho wa safari kama muzigo ulifika. Karatasi, hapana. CNSS, hapana.

Chenye kilimusaidia ni kaye ya shofere. Muzee yule alikuwa anaandika kila safari: tarehe, lita za mazuti, pesa ya barieri, chakula cha watu wane, na majina yao. Miaka mitatu ya majina. Mbele ya inspekta wa kazi ile kaye ilisema kweli yenye patro alikatala. Alilipa hospitali, na mishahara ya miezi yenye walipatana pale. Lakini rente ya aksida ya kazi kijana hakuipata, juu kazi yake haikukuwa imetangazwa hata siku moja. Leo anauza kredi ya simu ku barabara, ameegemea fimbo.

SHERIA INASEMA NINI

Mapatro wengi wanafikiri kama bila karatasi hakuna mukataba. Vijana pia wanafikiri vile. Haiko kweli. Kode ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inasema kama mukataba ukikosa kuandikwa, unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho, mpaka mutu aonyeshe kinyume. Na mufanyakazi anaweza kuuonyesha kwa njia zote: mashahidi, kaye, ujumbe wa simu.

Kuna kifungu kingine chenye kila boyi-shofere apaswa kukijua sawa jina lake. Mutu mwenye anaitwa kazi siku kwa siku, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akiitwa tena mbele ya miezi ile kuisha, mukataba wake umekuwa wa muda usio na mwisho. Sasa hesabu: safari moja ya Manono wakati wa mvula, kwenda na kurudi, inakula zaidi ya siku 22. Maana yake kijana akipanda mara ya pili mu ile miezi miwili, sheria imeshamupa mukataba. Patro hajui ao anajifanya hajui.

Kwa CNSS, yenye ilichukua mahali pa INSS, sehemu ya hatari za kazi inalipwa na patro peke yake. Mufanyakazi hakatwi kitu. Na watoto wenye hawajafika miaka 18 hawapaswi kuwekwa ku kazi za hatari. Kabari ya nyuma ya kamio, kama ile haiko hatari, basi hatari ni nini?

CHENYE TUNAOMBA

Hatuombi kamio hizi ziondolewe. Zikiondolewa kesho, Mitwaba na Manono watakula majani wakati wa mvula. Tunaomba mambo yenye yanawezekana na feza yenye iko.

Mbele kamio haijatoka Likasi: bomba zote za freni zifunguliwe, na yenye inavuja ibadilishwe pale, si kufungwa na waya. Shofere awashe moteri, ajaze upepo, azime, angoje. Kama sindano inashuka haraka, safari haianze. Kabari mbili za chuma, zenye meno chini, zenye mukono murefu ili kijana azisukume akiwa kando ya gurudumu. Mufua chuma anaweza kuzitengeneza mu siku moja kutoka resori iliyovunjika. Mununyororo wa janti. Na ku milima mikubwa, abiria wote washuke, watembee na miguu mpaka juu. Mashofere wazuri wanafanya vile, na abiria wananungunika. Tunawaambia abiria: msinungunike.

Kwa mapatro: andikeni watu wenu ku CNSS. Kabla ya kuhesabu kama ni gari ngapi mmetuma, hesabuni watu wangapi.

Na kwa ninyi vijana wa nyuma ya kamio, wadogo wetu. Nunueni kaye ya shule, ile ndogo. Kila safari andikeni tarehe ya kutoka na ya kurudi, namba ya kamio, jina la shofere, na kitu chenye mulipewa. Shofere aweke sinya yake. Muiweke mu mufuko wa plastiki pamoja na nguo, isilowane. Mukifika siku 22, mutuletee tuisome pamoja.